Aliyeangukia Miguu

Watu wote waliokuwa kiwandani siku ile walikubaliana jambo moja: Mayala ana bahati, kaangukia miguu.

Tangi la maji la kiwanda kile cha pamba, kwenye ufuko wa ziwa kupita Butimba, lilisimama juu ya nguzo za chuma ndefu kuliko mwembe uliopandishwa juu ya mwembe mwenzake. Mtu aliyetoka kule juu angeweza kutanguliza kichwa, au ubavu, au tumbo kama chura. Mayala alishuka wima, brashi mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini. Akatua kwa visigino kwenye ardhi ya kiangazi, ngumu kama saruji, akakaa chini polepole, akauliza, "Kopo la rangi liko wapi?"

Haki ya Mungu, walimpigia makofi. Kisha wakaanza kumsaidia, na hapo ndipo mabaya yalipozidi. Wawili walimtia mikono makwapani wakamsimamisha, kwa sababu mzima ni yule anayesimama. Mmoja akammwagia maji. Mwingine akamshauri atembee kidogo, damu ipate kuzunguka. Mayala akapiga hatua moja, akatoa sauti ambayo mkewe Kija, aliyekuwa akikaanga dagaa nje ya lango la kiwanda, aliisikia akaacha karai motoni.

"Mlazeni!" Kija alipiga kelele akikimbia. "Mlazeni chini, mnamchezesha ngoma?"

"Mama, usiwe na wasiwasi," wakamwambia. "Kaangukia miguu."

Jina Mayala maana yake ni njaa. Alizaliwa mwaka wa njaa, na Wasukuma si watu wa kuficha tarehe. Kazi yake ilikuwa kuandika. Si barua wala vitabu, bali maandishi ya kuonekana kwa mbali. NYAMA SAFI ilikuwa ya mkono wake, KINYOZI HODARI ya mkono wake, na USIKOJOE HAPA ya Mirongo nayo ilikuwa yake, ingawa hakuna aliyeitii. Maduka ya Nyamagana yalipoanza kufungwa moja baada ya jingine, mabango nayo yakakosa wenyewe. Ikabaki kazi moja tu mjini, kazi ya kaulimbiu za Chama, na ujira wake ulikuwa kupewa mkono na kuambiwa ahsante ndugu.

Mwaka ule mvua ziligoma. Kwa kuwa mvua haina kadi ya Chama wala haiwezi kuitwa kwenye kikao, wakaitwa watu. Kaulimbiu ikashuka kutoka juu: KILIMO CHA KUFA NA KUPONA. Katibu wa tawi, Ndugu Clavery, akaamua iandikwe kwenye tangi, upande unaotazama ziwa na barabara, ili msafiri wa meli ya Ukerewe aisome, na mkulima mwenye mkokoteni wa pamba aisome, na zaidi ya wote aisome mgeni rasmi atakayekuja Saba Saba.

Mayala aliomba vitu vitatu. Aliomba ngazi itazamwe, kwa maana kutu ilikuwa imeila. Katibu akaja, akasimama chini, akainua uso, akaitazama. Aliomba kamba ya kujifunga kiunoni. Kamba ya kiwanda ilikuwa uwanjani; tawi lilikuwa likifanya mazoezi ya kuvuta kamba, kwani mwaka uliotangulia lilishindwa na walimu, aibu kubwa. Na aliomba mtu wa kumshikia ubao wa kukanyagia. Mtu huyo alikuwa kwenye semina.

"Kujitolea hakufungwi kamba, Ndugu Mayala," katibu alimwambia, akacheka kwa upole. Alikuwa mtu wa Kagera aliyepita seminari kabla ya siasa, na hakuwa mbaya wa moyo. Watu wa namna ile ndio waliotumaliza.

Basi Mayala akapanda. Akaandika KILIMO, herufi ndefu kuliko mtoto wa darasa la pili. Akaandika CHA. Akaandika KUFA, akaipa ile A miguu miwili iliyonyooka vizuri, akajivuta nyuma kidogo kuitazama. Kisha akausogeza ubao kutoka kushoto kwenda kulia ili aanze NA, chuma kilichoushika ubao kikakatika, na yeye akaja kwa bahati yake.

Hospitalini kulikuwa na mashine ya picha, ila filamu zilikuwa haba kama sukari. Daktari Rwegasira, bwana mrefu mwenye miwani iliyounganishwa kwa plasta, alipiga picha ya miguu kwanza. Visigino vyote viwili vilikuwa vimepasuka kama mihogo iliyokanyagwa na ng'ombe. Akauliza, "Umeanguka kutoka wapi?" Alipoambiwa, akavua miwani, akaivaa tena, akaagiza filamu iliyobaki itumike kwenye mgongo.

"Mgongo hauumi sana, daktari," Mayala alisema. "Ni miguu."

"Nani kakwambia kuangukia miguu ni bahati?" daktari akamjibu. "Wewe ulisimama, pigo halikusimama. Linaingia kisiginoni, linapanda gotini, linapanda nyongani, likifika kiunoni linakuta pingili za mgongo zimepangana kama sahani kabatini. Lazima livunje moja. Wewe ulikuwa unashuka, lenyewe likawa linapanda."

Picha ikaja. Pingili moja ya kiunoni ilikuwa imebonyea, na kipande chake kilikuwa kimegeukia ndani, upande wa uti.

"Unakiona hiki?" daktari akamwonyesha Kija mbele ya dirisha. "Kipo mlangoni, kinachungulia. Akilala chali juu ya ubao, bila kukaa, bila kusimama, bila kugeuzwa na mtu mmoja, mpaka mfupa ushike, atatembea. Akisimama kabla, kikaingia ndani, miguu ataiona kwa macho tu. Haitakuwa yake tena."

"Lakini walishamsimamisha, daktari. Pale pale kiwandani."

"Basi siku ile Mungu alikuwa zamu. Sijui amepangwa lini tena."

Wakamfunga plasta miguu yote, wakamlaza juu ya ubao mgumu bila mto. Kuanzia hapo dunia ya Mayala ikawa dari, na kwenye dari kulikuwa na mjusi mmoja. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa Mzee Shimba, aliyekuwa amening'inizwa mguu kwa mfuko wa mchanga. Mzee huyu alianguka kutoka kwenye yale majabali ya mji wetu akimfukuza pimbi.

"Ulimkamata?" Mayala alimuuliza siku ya kwanza.

"Pimbi? Alisimama juu akanitazama nikishuka," mzee akasema. "Hata hakukimbia tena. Wewe mwenzangu ulikuwa unafukuza nini kule juu?"

"Kilimo, mzee."

"Afadhali pimbi ana nyama."

Ndugu Clavery alikuja siku iliyofuata na wajumbe wawili. Mayala alifurahi. Alidhani wameleta machungwa.

"Ndugu Mayala, Chama kinakupa pole."

"Nimeshapoa, ndugu katibu."

"Sasa kuna jambo. Umepaona ulipoishia?"

"Sikupata nafasi ya kutazama."

Katibu akavuta stuli, akashusha sauti. "Umeishia kwenye KUFA."

Mayala akamtazama yule mjusi. Hakuwa amelifikiria jambo hilo. Akayasoma maneno kichwani, kutoka mwanzo mpaka mahali alipoanguka. KILIMO CHA KUFA. Kwa herufi nyekundu. Kwa mkono wake.

"Watu wanasimamisha mikokoteni pale kusoma," katibu akaendelea. "Jana mkulima mmoja wa Sengerema kasema, 'Afadhali leo wamesema kweli.' Mbele ya watu! Meli ya Ukerewe nayo inapita, abiria wanaegemea upande mmoja kucheka. Wajumbe wanauliza, na mimi nakuuliza kwa niaba yao: kwa nini uliishia pale?"

"Ningeishia wapi, ndugu katibu? Nilikuwa nakuja chini."

"Ungeweza kuanguka baada ya neno la mwisho."

"Au kabla ya la kwanza," Mzee Shimba akadakia kutoka kitandani kwake. "Angeanguka mapema, kusingekuwa na maneno."

"Mzee, hiki ni kikao," mjumbe mmoja akamwambia.

"Samahani. Nilidhani ni wodi."

"Linaitwa hujuma, Ndugu Mayala," katibu akasema, na hakuwa akitisha; alikuwa akisikitika, na masikitiko yake yalitisha zaidi. "Mimi sisemi. Lakini liko neno linaitwa hivyo, na watu wamewekwa ndani kwa maneno mafupi kuliko lako. Mtu mwenye nia njema angeanzia kwenye KUPONA, akarudi nyuma."

Kija alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. "Shemeji katibu," alisema, "mbona hampandi mkamalizia? Maneno mawili tu, NA na KUPONA. Rangi imebaki, nimeiona."

Hapo wajumbe wakatazama viatu vyao.

Ukweli ni kwamba walikuwa wamejaribu kila kitu isipokuwa kupanda. Vijana wa Chama waliitwa wajitolee. Wote wakashikwa na kikohozi. Fundi mwingine wa maandishi aliambiwa, akasema yeye huandika kwenye kuta tu, tena kuta fupi. Wakarusha matope kutoka chini ili kuyafuta maneno. Matope yakapanda nusu, yakafikiri, yakamrudia mwenyekiti. Na Saba Saba ilikuwa inakuja kwa miguu yake yote.

Zikapita siku chache, katibu akarudi uso umeng'aa. Alikuwa amepata wazo, na mtu wa Chama akipata wazo ni vizuri kujificha. Yeye Mayala hakuweza kujificha.

"Nimelala nalo, nimeamka nalo," katibu alisema. "Chama si maneno, Chama ni vitendo. Maneno mawili yaliyobaki hatutayaandika. Tutayaonyesha! Juu ya tangi patakuwa na KILIMO CHA KUFA. Chini yake, mbele ya mgeni rasmi, utasimama wewe. Mfanyakazi aliyeanguka kutoka kule juu, na sasa amepona. Mgeni atasoma juu, atashusha macho, atakuona. NA KUPONA! Utakuwa umekamilisha kaulimbiu kwa mwili wako."

"Ndugu katibu," Mayala akasema, "mimi sijapona."

"Kidogo tu utasimama. Dakika tano."

"Daktari kasema nikisimama sitasimama tena."

"Utashikwa makwapani. Huyu mjumbe ana nguvu, anavuta kamba."

Daktari Rwegasira akaitwa. Alieleza habari za pingili na kipande kinachochungulia, akaeleza vizuri, na wajumbe wakamsikiliza kwa heshima kubwa kama watu wanaosikiliza misa ya Kilatini. Alipomaliza, katibu akamuuliza kama anafahamu kwamba vijiji vipya kule porini vinahitaji madaktari haraka, tena vile ambavyo zahanati hazijajengwa, tena vile ambavyo hata watu wenyewe bado wanapakiwa kwenye malori. Daktari alikuwa na mke mjamzito na nyumba ya serikali yenye bomba.

"Achukuliwe akiwa amelala chali juu ya ubao," alisema mwishoni, akiongea na sakafu. "Wa kumbeba wawe sita, na mimi niwepo."

"Na kusimama?"

"Hilo... tutaona hali yake pale uwanjani."

Walipotoka, daktari alibaki nyuma akajifanya anakagua plasta. "Mayala," alinong'ona, "wakitaka kukusimamisha, kataa. Piga kelele. Sema huwezi. Mimi sitaweza kusema."

"Na nikikataa mbele ya mgeni rasmi, juu yangu pameandikwa vile, watasema nini?"

Daktari akaenda kwa mgonjwa mwingine.

"Mimi nilikuambia," Mzee Shimba akasema. "Pimbi. Mtu afukuze pimbi, apumzike."

Kija aliukunja ule mwili wake mdogo pembeni ya kitanda, akawa anamlisha mumewe uji kwa kijiko, tone kwa tone ili asimpalie. Baadaye akasema, "Baba Bernadeta, ukikataa, watakufunga. Ukikubali, nitakubeba mgongoni mpaka tuzeeke. Mimi kubeba sikatai. Ila nataka ujue mimi ni mfupi, miguu yako itaburuza." Wakacheka wote wawili, Mayala akicheka kwa koo tu, maana tumbo lilikatazwa kutikisika, kisha Kija akalia.

Siku ya Saba Saba walimpakia kwenye lori la ushirika. Kija alisimama mbele ya lori akakataa kuondoka mpaka litandikwe pamba. "Kiwanda chenu ni cha nini?" aliwauliza. "Cha chumvi? Leteni pamba!" Ikaletwa robota nzima, ubao ukawekwa juu yake, na Mayala akapita mjini akiwa amelala juu ya zao la biashara kama mfalme aliyekufa. Watu wa Mirongo walisimama wakavua kofia.

Uwanja wa kiwanda ulijaa. Kwaya iliimba. Watoto wa shule walicheza halaiki. Kamba ikavutwa, na tawi likashindwa tena na walimu. Mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo kazi ya mgeni rasmi, na muda wote huo Mayala alilala chini ya tangi, jua usoni, akiyasoma maneno yake mwenyewe kwa chini. Kwa mara ya kwanza aliiona kazi. Ilikuwa nzuri. Hata herufi moja haikuyumba. Akawaza kwamba kama ataingia jela, angalau hataingia kwa ajili ya mwandiko mbaya.

Kisha ving'ora, vumbi, makofi. Mgeni rasmi akateremka, mtu mnene mwenye suti ya mikono mifupi, akatembea akipunga mkono, na alipofika mbele ya tangi akainua uso.

Alisoma. Midomo yake ilionekana ikisoma. Ikafika mwisho, ikasubiri, ikakosa pa kwenda. Uwanja mzima ukaacha kupumua, hata kwaya, ambayo ilikuwa katikati ya ubeti.

"Nini hii?" alisema mgeni.

"Na kupona ni huyu hapa, mheshimiwa!" Ndugu Clavery alitokeza mbele, jasho likimtiririka, sauti imepanda kama ya kijana anayebalehe. "Mfanyakazi wetu alianguka kutoka kule juu akiitumikia kaulimbiu. Amepona! Mwinueni! Mwinueni asimame!"

Mjumbe mvuta kamba akainama. Mayala akahisi vidole vinapenya makwapani mwake, upande mmoja kisha upande wa pili. Akageuza macho kumtafuta daktari. Daktari alikuwa akitazama ziwa. Akamwona Kija akisukumana na mgambo. Kiunoni, mahali fulani ndani kabisa, kitu kikasogea, au alidhani kimesogea, na baridi ikashuka pajani.

Mgeni rasmi akamwinamia. Alikuwa na macho ya mtu aliyekula vizuri na kulala vibaya.

"Ndugu, ni kweli? Umepona?"

Hapo palikuwa na shimo, tena refu kuliko kimo cha lile tangi. Akisema nimepona, wangemsimamisha. Akisema sijapona, basi juu pamebaki KUFA na mwandishi ni yeye. Mayala hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu wa herufi. Alizijua moja moja, upana wake na nafasi zake. Akayatazama yale maneno juu, na pale palipobaki patupu, chuma kilichovunjika kikining'inia, akaona mahali hasa alipokuwa amekusudia kuweka brashi.

"Bado, mheshimiwa," alisema. "Kufa nimeshapita. Kupona sijafika. Mimi niko kwenye NA."

Mgeni rasmi akamkazia macho. Halafu kidevu chake cha pili kikaanza kutetemeka. Kicheko kilimtoka kama pancha ya lori, na mkubwa akishacheka hakuna mdogo anayebaki na uchungu: katibu akacheka, wajumbe wakacheka, mgambo akacheka akamwachia Kija, na uwanja mzima, watu waliokwenda na njaa, ukacheka mpaka pimbi wakakimbia kwenye majabali.

"Yuko kwenye NA!" mgeni alisema akijifuta macho. "Huyu ndiye mtu tunayemtaka! Mwacheni alale. Asiguswe na mtu!" Mikono ikatoka makwapani haraka kama iliyoungua. "Taifa zima liko kwenye NA, ndugu zangu. Na ninatoa agizo hapa: maneno hayo yasiguswe na fundi mwingine yeyote. Siku atakapopona, atapanda yeye mwenyewe, ayamalizie kwa mkono wake!"

Makofi. Vigelegele. Kwaya ikaendelea na ubeti wake. Katika furaha ile hakuna aliyeuliza habari ya ngazi, wala kutu, wala kamba, ambayo ilikuwa imelala pale pale uwanjani, nzima, nene, imechoka kwa kuvutwa bure.

Kwenye robota, njiani kurudi, Kija alimshika mumewe mkono. Alikuwa akicheka bado. Kisha akaacha.

"Baba Bernadeta. Alisema siku utakapopona utafanya nini?"

"Nilimsikia," Mayala akasema.

Mfupa ulichukua muda wake, haukujali agizo la mtu. Jua lilikaza, mahindi ya watu yakakauka yakiwa na urefu wa goti, malori ya vijiji yakapita na kurudi matupu, na kila mwisho wa wiki Ndugu Clavery alifika wodini kuuliza maendeleo, kwa sababu agizo ni agizo. Tangi lilibaki vilevile. Abiria wa Ukerewe waliacha kucheka. Walikuwa wamezoea kulisoma, na tena mwaka ule ulivyokwenda halikuwa la kuchekesha.

Kisha plasta zikakatwa. Visigino vilikuwa vimepanuka na kulala kama ndala za zamani, na daktari akasema wazi havitakaa vikawa visigino tena: kila asubuhi ya baridi ya ziwa vitamuuma mpaka kaburini, na kupanda hata kiti asithubutu. Lakini mgongo ulikuwa umeshika. Siku moja asubuhi Daktari Rwegasira alimkalisha, akangoja. Akamteremsha miguu, akangoja tena.

"Unaisikia sakafu?"

"Naisikia. Inauma."

"Mungu ashukuriwe. Simama."

Mayala akasimama. Kija alikuwa mbele yake, mikono wazi kama mtu anayengoja mtoto wa kwanza kutembea. Akapiga hatua, akasaga meno, akapiga nyingine. Wodi nzima ya mifupa iliinua shingo: waliovunjika nyonga, waliovunjika mapaja, mpanda minazi wa kutoka pwani aliyeanguka kwenye ghorofa, na Mzee Shimba, aliyekuwa sasa na magongo mawili na bado anamtukana pimbi. Mayala akafika dirishani. Akashika nondo, akasimama wima kabisa kwa miguu yake miwili, akaliona ziwa kwa mara ya kwanza tangu alipolitazama kutoka juu.

Mlango ukafunguliwa. Ndugu Clavery aliingia, kopo la rangi nyekundu mkono mmoja, brashi mpya mkono wa pili.

"Ndugu Mayala!" alisema, akasimama ghafla. Uso wake ulijaa furaha ya kweli. "Umesimama! Umepona!"

Kija akafumba macho. Daktari akaivua miwani. Kutoka kitandani, kabla Mayala hajafungua mdomo, Mzee Shimba akasema kwa sauti kavu, "Bado."

"Bado," akasema mwenye nyonga.

"Bado kabisa," wakasema wenye mapaja, na neno likazunguka wodi kitanda kwa kitanda mpaka likarudi dirishani.

"Lakini namwona," katibu alisema. "Namwona kasimama."

"Katibu," Daktari Rwegasira akasema. Sauti yake ilitetemeka kidogo, ikapata pa kukanyaga. "Mimi ndiye daktari. Mtu huyu amelala."

Ndugu Clavery akamtazama Mayala kuanzia kichwani mpaka kwenye vile visigino. Alikuwa mtu wa kikao, anajua kuhesabu mikono iliyoinuliwa. Tena alikuwa akijua, kama tulivyojua wote, kwamba Mayala akipona lazima apande, na akipanda lazima aanguke, na safari hii huenda asiangukie miguu. Na mwenye kuulizwa habari ya kamba angekuwa nani?

"Unajisikiaje hapo ulipolala, Ndugu Mayala?" aliuliza.

"Naumwa, ndugu katibu," Mayala alijibu, akiwa amesimama, mkono kwenye nondo.

"Usijitikise sana, basi. Lala hivyo hivyo." Katibu akaweka kopo la rangi sakafuni, taratibu, kama mtu anayehofia kumwamsha mgonjwa. "Nitapeleka taarifa mkoani kwamba hajambo, ila bado."

Akawapa pole wagonjwa wote, akatoka. Walisikiliza viatu vyake mpaka vikaisha kwenye korido. Kisha Kija akamshika mumewe kiwiko, wakaanza kwenda nyumbani Mirongo kwa miguu, polepole, mchana kweupe, wakisalimiana na kila mtu njiani, na hakuna hata mmoja aliyemwona akitembea.